Mtaalamu wa Nyumba Mbili: Historia ya Viti vya Pamoja Baina ya Maabara na Chuo Kikuu

Wahenga walisema kuwa mshika mbili moja humponyoka, na kuwa njia mbili zilimshinda fisi. Maonyo haya yamewafaa watu wengi, wala mwenye busara hayabezi. Walakini katika historia ya sayansi umezuka utaratibu mmoja ambao kwa dhahiri unakwenda kinyume chake. Mtaalamu mmoja hupewa viti viwili. Kimoja ni cha chuo kikuu, ambako hufundisha na kulea wanafunzi. Cha pili ni cha maabara ya taifa, ambako hufanya utafiti kwa mitambo ya gharama kubwa iliyonunuliwa kwa fedha za umma. Mshahara wake aghalabu hutoka katika mifuko miwili, wakati wake hugawanywa, na kila nyumba humhesabu kuwa mtu wake.

Katika insha hii nakusudia kueleza jinsi utaratibu huo ulivyozaliwa, ulivyokua na ulivyojaribiwa mahali pamoja, yaani Berkeley, katika jimbo la California nchini Marekani. Nimechagua Berkeley kwa kuwa huko faida ya kiti cha pamoja na gharama yake zilionekana mapema, tena katika maisha ya watu wale wale. Wengi wakizungumza juu ya jambo hili hutaja mgawanyo wa mshahara na saa za kazi. Hayo ni mambo ya makarani, na makarani hodari huyamaliza. Jambo zito ni jingine: mtu wa elimu akiingia katika nyumba ya dola, je, huingia pamoja na uhuru wake, au huuacha mlangoni?

Habari yenyewe inaanza na kijana mmoja aliyeitwa Ernest Orlando Lawrence. Alizaliwa mwaka 1901 katika jimbo la South Dakota, na mwaka 1928 aliacha kazi katika Chuo Kikuu cha Yale akahamia Berkeley. Baada ya miaka miwili alifanywa profesa kamili. Siku zile wataalamu wa fizikia walikuwa na shauku ya kupasua kiini cha atomi wajue kilichomo, lakini chembe za kukipigia zilihitaji nguvu nyingi za umeme kuliko mitambo ilivyoweza kustahimili. Lawrence alifikiri njia nyingine. Badala ya kuisukuma chembe mara moja kwa nguvu kubwa, aliona yafaa izungushwe katikati ya sumaku na kusukumwa kidogo kidogo kila inapopita, kama mtoto aliye katika pembea anavyosukumwa mpaka akafika juu. Mtambo huo uliitwa saiklotroni. Mwanafunzi wake, M. Stanley Livingston, ndiye aliyeutengeneza ukafanya kazi mwanzoni mwa mwaka 1931. Chumba chake cha kuzungushia chembe kilikuwa na upana wa sentimita 11 hivi, kiasi cha kushikwa katika kiganja cha mkono.

Kitu kile kidogo kilizaa haja kubwa. Mtambo uliofuata ulitaka sumaku ya tani zipatazo 80, na mzigo kama huo haukuwa na nafasi katika vyumba vya darasa. Mwezi wa Agosti 1931 chuo kilimpa Lawrence nyumba kuukuu ya mbao iliyokuwa jirani na jengo la fizikia, naye akaiita Maabara ya Mnururisho. Mwaka 1936 baraza lililotawala chuo liliipa maabara ile daraja yake yenyewe ndani ya idara ya fizikia, Lawrence akawa mkurugenzi huku akibaki kuwa profesa. Hapo ndipo kiti cha pamoja kilipochipua, kabla hakijapewa jina wala kanuni.

Katika nyumba ile ya mbao palikutana watu ambao desturi za vyuo ziliwaweka mbalimbali. Walikuwapo wanafizikia, wanakemia, mafundi wa umeme, na matabibu walioongozwa na ndugu yake Lawrence, John Lawrence, ambaye tangu mwaka 1936 alianza kujaribu fosforasi iliyotiwa mnururisho katika kutibu saratani ya damu. Wengine walilipwa na maabara, wengine na idara zao, na wengine hawakulipwa na mtu, walifuata elimu tu. Mwaka 1939 Lawrence alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Heshima ilikuwa yake, lakini kazi ilikuwa ya umati.

Mfano bora wa faida ya mchanganyiko huo ni habari ya kaboni. Martin Kamen alikuwa mwanakemia aliyeajiriwa na maabara. Samuel Ruben alikuwa mwalimu katika idara ya kemia. Wote wawili walitaka kujua mmea unafanyaje kuigeuza hewa kuwa chakula kwa msaada wa nuru ya jua. Walihitaji kaboni yenye mnururisho ili waifuate ndani ya jani kama mwindaji afuatavyo nyayo. Kaboni waliyokuwa nayo, kaboni 11, ilipungua nusu kwa kila dakika 20 hivi, ikawa jaribio ni mbio, na nyayo zilifutika kabla mwindaji hajafika. Ndipo Kamen alipopiga madini ya kaboni kwa saiklotroni siku nyingi, na Ruben akayapima katika chumba chake cha kemia. Tarehe 27 Februari 1940 walitambua kaboni 14. Hii nusu yake huchukua miaka 5,730 hivi kupotea. Saiklotroni peke yake isingaliitambua, na chumba cha kemia peke yake kisingaliipata. Ilipatikana kwa sababu watu wawili wa nyumba mbili waliruhusiwa kupita katika njia moja bila ya kuulizwa wanakwenda wapi.

Faida ya kaboni ile ilivuka bahari. Willard Libby, katika Chuo Kikuu cha Chicago, aliitumia kutengeneza njia ya kupima umri wa vitu vilivyokuwa na uhai zamani, akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1960. Kwa njia hiyo wachimbuzi wa mambo ya kale wameweza kukadiria umri wa mkaa uliofukiwa chini ya magofu ya miji ya pwani yetu ya Afrika Mashariki. Msomaji wa historia ya Waswahili ana deni kwa njia ile fupi baina ya majengo mawili ya Berkeley, hata kama hakupata kulisikia jina lake.

Mfano wa pili una uzito wa namna nyingine. Katika majira ya baridi ya mwaka 1940 kuingia 1941, Glenn Seaborg, mwalimu kijana wa kemia, pamoja na wenzake walichukua urani iliyopigwa kwa saiklotroni ya maabara wakaichunguza katika chumba kidogo cha jengo la kemia. Walipata elementi mpya, ambayo baadaye iliitwa plutoni. Njia ilikuwa ile ile, na ruhusa ile ile. Lakini kaboni 14 ilizaa elimu ya majani na ya kale, na plutoni ilitiwa katika bomu lililoangamiza Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945. Tangu siku dola ilipofahamu kilichoweza kutoka katika nyumba ile ya mbao, haikuweza tena kuiacha bila mlinzi.

Vita vilibadilisha desturi zote. Ruben alikufa mwaka 1943 kwa ajali ya gesi ya sumu alipokuwa katika utafiti wa vita, hali umri wake haujafika miaka 30. Kamen alipatwa na msiba wa namna nyingine. Ofisa mmoja wa ubalozi mdogo wa Kirusi katika San Francisco alitaka msaada wa kumpatia mwenzake aliyeugua saratani ya damu tiba iliyokuwa ikijaribiwa Berkeley, na Kamen alimwonyesha njia. Kwa shukrani alialikwa chakula cha jioni, na wapelelezi walikuwa wakiangalia. Mwaka 1944 aliondolewa katika maabara. Hakuhukumiwa kwa kosa lolote. Kwa muda alifanya kazi katika kiwanda cha meli, na mtu aliyeipa dunia kaboni 14 akawa mbali na mtambo alioutumia kuipata. Kwa miaka mingi alinyimwa pasi ya kusafiria. Alilishtaki gazeti lililomwita jasusi, akashinda mwaka 1955. Serikali iliyomfukuza ilimtunukia Tuzo ya Enrico Fermi ya mwaka 1995, alipokuwa mzee wa miaka zaidi ya 80.

Baada ya vita serikali ya Marekani ilikuwa na maabara kubwa mikononi mwake, na ikaulizwa zifanywe nini. Kwa sheria ya mwaka 1946 iliundwa Tume ya Nishati ya Atomiki, ambayo ilishika kazi tarehe 1 Januari 1947. Tume haikutaka kuziendesha maabara kwa mkono wake wenyewe, bali ilifanya mikataba na vyuo na makampuni. Maabara ya Argonne iliendeshwa na Chuo Kikuu cha Chicago. Maabara ya Brookhaven, iliyoanzishwa mwaka 1947 katika kisiwa cha Long Island, iliwekwa chini ya umoja wa vyuo vikuu tisa vya mashariki ya nchi, kwa kuwa hapana chuo kimoja kilichoweza kubeba gharama za mitambo yake, wala vingine havikupenda kimoja kiwe bwana. Chuo Kikuu cha California kilibaki na Berkeley, na pia na Los Alamos huko New Mexico, ambako bomu lilikuwa limetengenezwa.

Katika hali hiyo kiti cha pamoja kilipata kanuni. Nyumba moja huwa ndiyo nyumba ya ajira: hulipa mshahara wote, na ya pili huirudishia fungu lake. Katika vyuo vingi vya Marekani mshahara wa profesa ni wa miezi tisa ya masomo, basi miezi ya kiangazi huweza kulipwa na maabara. Mkataba hueleza nani atampandisha cheo, nani atamiliki uvumbuzi wake, na wanafunzi wake wataingia kwa mlango upi. Vyuo vingine vilifuata baadaye kwa mipango yao. Mwaka 1984 Chuo Kikuu cha Tennessee na maabara ya Oak Ridge viliweka mpango wa wataalamu mashuhuri wenye kiti katika nyumba zote mbili, na mwaka 2006 ukafuata mpango wa Viti vya Gavana, ambao fedha zake hutoka katika hazina ya jimbo na katika maabara.

Matunda ya kanuni hizo hayakukawia. Melvin Calvin, profesa wa kemia, alipewa mwaka 1946 kuongoza kundi la utafiti katika Maabara ya Mnururisho. Pamoja na Andrew Benson, James Bassham na wengine, aliishika kazi iliyokatwa na kifo cha Ruben na kufukuzwa kwa Kamen. Waliweka mimea midogo ya maji katika chupa bapa, wakaipa hewa yenye kaboni 14, wakaiua kwa pombe ya moto baada ya sekunde chache, kisha wakatafuta kaboni imefika wapi. Hatua kwa hatua walichora njia yote ya kaboni katika jani. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika katika nyumba ile ile ya mbao ya mwaka 1931. Calvin alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1961. Kabla yake, mwaka 1951, Seaborg na Edwin McMillan walipata tuzo hiyo. Na mwaka 1959 Emilio Segrè na Owen Chamberlain walipata ile ya fizikia kwa kugundua antiprotoni mwaka 1955. Wote walikuwa maprofesa, na wote walitumia mitambo ya maabara.

Lakini katikati ya mavuno hayo lilikuja jaribio. Mwaka 1949 baraza la chuo, kwa hofu ya siku zile juu ya Ukomunisti, liliamuru kila mtumishi aape kuwa si mfuasi wa chama hicho. Wataalamu wa maabara walikuwa watumishi wa chuo, kwa hiyo amri iliwashika nao. Hapa ndipo mtu wa nyumba mbili alipoona udhaifu wa mahali pake. Profesa wa historia au wa lugha aliyekataa kuapa aliweka kazi yake hatarini. Mwanafizikia aliyekataa aliweka hatarini kazi yake, mtambo wake na ruhusa ya kuingia katika maabara, na kukataa kwake kuliweza kusomwa kama dalili ya hiana. Wenye mamlaka walikuwa wawili, na kila mmoja aliweza kumtazama kwa jicho la mwenzake.

Mwezi wa Agosti 1950 baraza lilipiga kura ya kuwafukuza walimu 31 waliokataa kutia sahihi. Hapana hata mmoja wao aliyeshtakiwa kuwa Mkomunisti. Kiongozi wao alikuwa Edward Tolman, profesa mzee wa saikolojia. Katika wanafizikia, Gian-Carlo Wick alikataa, akaenda Pittsburgh. Jack Steinberger, kijana aliyekuwa mmoja wa watu watatu waliothibitisha mwaka ule ule chembe iitwayo pioni isiyo na umeme, alikataa, akaenda Columbia. Mwaka 1988 alipata Tuzo ya Nobel. Geoffrey Chew alijiuzulu akaenda Illinois, asirudi mpaka mwaka 1957. Wolfgang Panofsky alitia sahihi, lakini moyo wake haukutulia, na mwaka 1951 alihamia Stanford. Mwaka 1952 mahakama kuu ya California iliamua kuwa kiapo cha chuo hakikuwa na nguvu, na waliofukuzwa warudishwe. Yafaa kusema kweli kuwa mahakama haikutegemea uhuru wa elimu. Ilisema tu kwamba sheria ya jimbo zima ilikwisha kutawala jambo la viapo vya watumishi, na wenye kurudi walitakiwa kuapa kiapo cha jimbo.

Hasara ya Berkeley ikawa faida ya wengine. Panofsky alijenga katika Stanford mtambo ulionyooka wenye urefu wa zaidi ya kilometa tatu, uliokamilika mwaka 1966, nao ukaonyesha kuwa protoni ina vijichembe ndani yake. Huko nako swali la viti halikukosekana. Idara ya fizikia ilichelea kumezwa na maabara yenye fedha na watu wengi kuliko yenyewe, kwa hiyo maabara ikapewa maprofesa wake wenyewe, mbali na wale wa idara. Hofu ile haikuwa ya upuuzi. Mto mkubwa ukikutana na kijito, jina linalobaki ni la mto.

Berkeley nayo ilijifunza, ingawa kwa kusitasita. Mwaka 1952 kazi ya silaha ilipewa tawi jipya katika mji wa Livermore, penye uzio na siri. Na kilima cha Berkeley kikabaki zaidi kuwa mahali pa elimu iliyo wazi. Lawrence alikufa mwaka 1958. Nyumba ya mbao ilibomolewa mwaka uliofuata ili kupisha jengo jipya la kemia. Mwaka 1971, baada ya wanafunzi na walimu wengi kupinga vita vya Vietnam na kazi za silaha chini ya jina la chuo, Livermore ilitengwa na Berkeley katika uendeshaji. Kutenga huku kulikiri jambo ambalo kiapo cha mwaka 1949 kilikataa kulikiri: kiti cha pamoja hustawi pale kazi za nyumba zote mbili zinapoweza kusemwa mbele ya wanafunzi.

Ushahidi wa siku zetu unaafiki hayo. Maabara ya Berkeley, ambayo leo ni mali ya Wizara ya Nishati ya Marekani na huendeshwa na Chuo Kikuu cha California, ingali na maprofesa wengi wenye viti viwili. Saul Perlmutter, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2011 kwa kuonyesha kuwa ulimwengu unatanuka kwa kasi inayozidi, ni mmoja wao. Jennifer Doudna, aliyepata ile ya kemia mwaka 2020, ni mwingine. Kazi zao zilichapishwa wazi, na wanafunzi wao walizifanya pamoja nao.

Tukiupima utaratibu huu kwa haki, tutaona kuwa wahenga hawakukosea, ila maneno yao yataka kufahamiwa vema. Kilichomponyoka Kamen hakikumponyoka kwa sababu alishika viwili. Alinyang'anywa, na aliyenyang'anya alikuwa mwenye nyumba mmoja aliyetaka mtu mzima awe wake, pamoja na chakula chake cha jioni. Steinberger naye hakushindwa na njia mbili. Aliwekewa kizuizi mahali zilipokutana. Pale ambapo kila nyumba ilitosheka na fungu lake, yaani kazi na ujuzi, mtu mmoja alizitumikia zote mbili kwa uaminifu, na faida yake ilifika hata kwa mataifa yasiyojua habari zake. Pale nyumba moja ilipodai dhamiri juu ya kazi, ilipoteza vyote viwili.

Kwa hiyo chuo chochote kitakachofanya mapatano na maabara ya serikali, au na shirika lolote lenye mali na nguvu kuliko chenyewe, hakina budi kuuliza maswali mengine baada ya yale ya fedha. Ikiwa mtu wetu atashukiwa, nani atamsikiliza kabla ya kumhukumu? Ikiwa atagundua jambo, ataweza kulifundisha? Ikiwa atakataa amri ambayo dhamiri yake haikubali, atakuwa na mahali pa kurudi? Samuel Ruben na Martin Kamen waliandika mkataba wao kwa kupita baina ya majengo mawili usiku na mchana, na ulidumu maadam mlango ulikuwa wazi. Mikataba ya leo ina kurasa nyingi kuliko wao, lakini jambo la kutazamwa kwanza ndani yake ni lile lile: nani ana ufunguo wa mlango, na kwa sababu gani aweza kuufunga.